Nani amwamuru nani? Algeria kutoka bonde la Soummam hadi Ijumaa za 2019

Katika vitabu vyetu vya shule Algeria huishia 1962. Walowezi walipora ardhi, Mfaransa akakataa kuondoka kwa maneno, wananchi wakashika bunduki, uhuru ukapatikana. Bendera ikishapanda tunafunga sura na kuhamia Msumbiji. Nafundisha historia, na kila nikifika hapo huona tunafunga kitabu pale hasa mambo yanapoanza kutuhusu. Kumfukuza Mfaransa lilikuwa jambo zito, lakini lilikuwepo jingine zito vilevile: ukishawapa watu bunduki ili wakukomboe, kesho yake utawaambiaje kwamba wao ni watumishi wako? Kuna mtu mmoja aliyeliona swali hilo mapema, vita vikiwa bado vichanga, akalijibu kwa maandishi. Wenzake wakamuua.

Jina lake Abane Ramdane. Lakini kwanza nieleze alitokea katika nchi ya namna gani.

Ufaransa iliuteka mji wa Algiers tarehe 5 Julai 1830. Kufikia miaka ya 1950 walikuwepo Wazungu wapatao milioni moja kati ya Waalgeria Waislamu milioni tisa hivi, na kisheria nchi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe. Lilipoundwa Bunge la Algeria mwaka 1947, wapiga kura waligawanywa makundi mawili: nusu ya viti kwa kundi la wachache, nusu kwa kundi la wengi. Hata hiyo nusu ya wengi iliibiwa kura waziwazi mwaka uliofuata. Na kabla ya hapo palikuwa na Mei 8, 1945. Siku Ulaya iliposherehekea kushindwa kwa Ujerumani, maandamano mjini Sétif yaligeuka umwagaji damu. Wazungu wapatao mia moja waliuawa, kisha jeshi na walowezi wenye silaha wakalipiza kisasi Sétif, Guelma na Kherrata kwa wiki kadhaa. Serikali ya Algeria hutaja watu 45,000 waliouawa. Wafaransa wakati ule walikiri elfu moja na mia kadhaa. Wanahistoria hutaja maelfu yaliyo katikati ya hapo. Kizazi kizima cha vijana kilitoka katika miezi ile kikiwa hakiamini tena sanduku la kura.

Vijana hao ndio walioanzisha vita. Mwaka 1954 walikutana wanaume ishirini na wawili katika nyumba moja ya Algiers, wakachagua viongozi wachache, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba wakashambulia sehemu mbalimbali za nchi kwa jina jipya, Chama cha Ukombozi wa Taifa, FLN. Miongoni mwa viongozi wa mwanzo walikuwa Mohamed Boudiaf, Larbi Ben M'hidi na Krim Belkacem. Ahmed Ben Bella na Hocine Aït Ahmed walikuwa nje, Cairo, wakitafuta silaha na marafiki. Majina haya msomaji ayashike, maana yatarudi, na mengi yatarudi vibaya.

Abane hakuwa miongoni mwa waanzilishi. Novemba ile alikuwa gerezani, ambako alikaa tangu 1950 kwa siasa zake. Alikuwa Mkabyle, mtu wa milima ya Kabylia, kutoka kijiji cha Azouza, msomi kwa kipimo cha wakati ule, aliyewahi kuwa karani wa serikali za mitaa. Alitoka gerezani Januari 1955, akakuta mapambano yana ujasiri mwingi lakini hayana mpangilio: kila mkoa unapigana kivyake na amri zinapishana. Ndani ya mwaka mmoja na nusu alivuta karibu kila mtu chini ya mwavuli mmoja: watu wa mwanasiasa Ferhat Abbas, maulamaa, wanasheria, wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi. Hakuwa na subira wala ulimi laini. Kanali aliyeboronga aliambiwa kaboronga, mbele ya wenzake.

Tarehe 20 Agosti 1956 wakuu wa mapambano ya ndani walikutana kwa siri kijiji cha Ifri, katika bonde la Soummam, milimani Kabylia, huku majeshi ya Ufaransa yakiwa kila upande. Husimuliwa kwamba mkutano ulikuwa ufanyike mahali pengine, lakini njiani palitokea mapigano, na nyumbu aliyebebeshwa nyaraka akakimbia nazo hadi kambi ya Wafaransa. Wakahama, wakaendelea. Pale Ifri waliigawa nchi wilaya sita za kivita, wakaweka vyeo vya kijeshi na mavazi, wakaunda baraza la taifa na kamati ndogo ya utekelezaji. Wakaandika pia kanuni mbili zilizotoka zaidi kwa Abane na Ben M'hidi: siasa iwe juu ya jeshi, na walioko ndani ya nchi wawe juu ya walioko nje.

Nimezisoma kanuni hizo mara nyingi na bado zinanishangaza, kwa kuwa waliozikubali wengi wao walikuwa wapiganaji. Mtu mwenye bunduki, akiwindwa mchana na usiku, anatia saini kwamba bunduki yake itapokea amri ya mtu asiye na bunduki. Huo ndio ulikuwa msingi wa dola, na ulimwagwa katika nyumba ya mawe ya kijijini miaka sita kabla ya uhuru.

Ulidumu mwaka mmoja tu. Ben Bella, aliyekuwa nje na hakuwepo mkutanoni, aliyakataa maamuzi yale. Mwezi Oktoba 1956 Wafaransa waliilazimisha ndege iliyowabeba yeye, Boudiaf, Aït Ahmed na Mohamed Khider kutua Algiers, wakafungwa wote hadi vita vilipokwisha. Ben M'hidi alikamatwa Februari 1957 na kuuawa mikononi mwa askari wa Ufaransa, wakasema kajinyonga. Ilichukua hadi Novemba 2024 kwa rais wa Ufaransa kukiri kwamba aliuawa. Kamati ya utekelezaji ililazimika kukimbilia nje ya nchi. Nje huko, wenye nguvu walikuwa makanali: Krim Belkacem, Lakhdar Ben Tobbal, na Abdelhafid Boussouf, bwana wa redio na ujasusi, aliyekuwa akijenga idara ya upelelezi kutoka Morocco. Agosti 1957, Cairo, baraza la taifa lilizifuta kanuni za Soummam. Abane aliachwa kwenye kamati bila meno. Hakunyamaza, aliendelea kusema hadharani kwamba hawa wanajenga udikteta kabla ya kujenga nchi.

Desemba 1957 aliambiwa anahitajika Morocco, kuna matatizo ya kuzungumza na Mfalme Mohammed V. Krim na kanali mwingine, Mahmoud Chérif, walisafiri naye. Walipofika walipokelewa na watu wa Boussouf, wakampeleka shamba moja karibu na Tétouan, na humo akanyongwa. Hadi leo wanahistoria wanabishana nani hasa alitoa amri na nani alidhani Abane atafungwa tu. Miezi mitano baadaye, Mei 1958, gazeti la FLN, El Moudjahid, ambalo Abane mwenyewe alisaidia kulianzisha, lilitoka na picha yake ukurasa wa kwanza, na habari kwamba amekufa kishujaa kwenye uwanja wa mapambano, akipambana na Wafaransa.

Hapo ndipo ninapokataa kusoma historia ya Algeria kama masimulizi ya ushujaa peke yake. Ushujaa ulikuwepo, tena mkubwa. Lakini chama kilikuwa kimejifunza kumuua mtu wake na kumzika kwa uongo, na waliojua walinyamaza kwa hoja kwamba adui atafurahi. Hoja hiyo ilikuja kutumika tena na tena.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuiheshimu Algeria, na sitaki hilo lipotee. Mwaka 1962 Nelson Mandela, aliyepita Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka, alifika Oujda, Morocco, kujifunza vita kwa wapiganaji wa Algeria. Mei 1963, Addis Ababa, Ben Bella aliwasihi viongozi wenzake wakubali kufa kidogo ili waliobaki utumwani wawe huru, na Algeria ikaingia kwenye Kamati ya Ukombozi iliyofungua ofisi zake Dar es Salaam. Wapiganaji wa kwanza wa FRELIMO, Samora Machel akiwemo, walipelekwa Algeria kwa mafunzo, kisha wakarudi kujenga kambi ya Kongwa, Dodoma. Ukipita Kongwa, unapita mahali ambapo ujuzi wa milima ya Algeria uligeuzwa kuwa ukombozi wa Msumbiji. Lakini pamoja na ujuzi wa bunduki ingefaa sana kupokea pia karatasi ya Soummam, na karatasi hiyo wenyewe walikuwa wameshaichana.

Matunda yake yalionekana kiangazi cha 1962. Mkataba wa Evian, wa kumaliza vita na Ufaransa, ulitiwa saini tarehe 18 Machi, wananchi wakapiga kura tarehe 1 Julai, na sherehe ikawekwa tarehe 5 Julai ili kuifuta ile siku ya 1830. Wakati watu wakicheza mitaani, viongozi walikuwa wameshagawanyika. Upande mmoja ilikuwa serikali ya muda ya Benyoucef Benkhedda. Upande wa pili Ben Bella, aliyetoka gerezani, akiwa ameungana na Kanali Houari Boumédiène, mkuu wa jeshi la mipakani. Jeshi hilo lazima lielezwe kidogo. Tangu 1957 Wafaransa walikuwa wamezungushia mpaka wa Tunisia uzio wa umeme na mabomu ya ardhini, Morocco vivyo hivyo, hata kupita kukawa kifo. Basi maelfu kwa maelfu ya wapiganaji walibaki ng'ambo, wakapata mafunzo, sare na silaha nzito, huku wenzao wa ndani wakisagwa na operesheni za Jenerali Challe wa Ufaransa mwaka 1959 na 1960. Vita vilipokwisha, waliopigana zaidi ndio waliokuwa na silaha chache zaidi. Boumédiène akaingia na vifaru. Wilaya ya Nne, iliyozunguka Algiers, ikajaribu kumzuia, na Agosti na Septemba Waalgeria wakauana wao kwa wao, mamia ya watu wakafa. Wananchi wakamiminika barabarani kati ya pande mbili wakilia: miaka saba, basi, imetosha!

Walioshinda hawakuwasamehe walioanzisha. Boudiaf alikamatwa 1963, akaishia uhamishoni Morocco kwa karibu miongo mitatu. Aït Ahmed alianzisha chama chake cha FFS, akaasi milimani, akahukumiwa kifo, akatoroka gerezani 1966. Ferhat Abbas alijiuzulu uspika Agosti 1963 kwa sababu katiba ilikuwa imejadiliwa kwanza katika ukumbi wa sinema badala ya bunge. Akawekwa kizuizini jangwani. Khider alipigwa risasi Madrid Januari 1967. Krim Belkacem, yule aliyemsindikiza Abane, yule aliyekuja kutia saini mkataba wa Evian kwa niaba ya taifa zima, alikutwa amenyongwa katika chumba cha hoteli Frankfurt, Oktoba 1970.

Na Ben Bella mwenyewe? Tarehe 19 Juni 1965 vifaru viliingia Algiers usiku. Wakati huo ilikuwa ikiandaliwa filamu kuhusu mapambano ya jiji hilo, na husimuliwa kwamba asubuhi watu wengi walidhani vile ni vifaru vya filamu. Mtu aliyempa urais, Boumédiène, ndiye aliyemwondoa. Alikaa kizuizini hadi miaka ya mwisho ya sabini ilipokwisha.

Boumédiène simchukii. Alijenga shule, akatuma watoto wa wakulima vyuo vikuu, na tarehe 24 Februari 1971 akachukua asilimia 51 ya kampuni za mafuta za Kifaransa, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikuthubutu. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi alitawala bila mtu wa kumuuliza, na ile idara ya Boussouf ikawa usalama wa jeshi, jicho lililokaa kila ofisi. Alipofariki Desemba 1978, mrithi wake, Kanali Chadli Bendjedid, alichaguliwa na wanajeshi wenzake, chama kikapitisha. Waalgeria wana usemi kwamba kila dola ina jeshi lake, ila kwao jeshi ndilo lenye dola.

Bei ya mafuta ilipoporomoka 1986, mapatano ya kimyakimya, ya kwamba mtakula na msiulize, yalivunjika. Oktoba 1988 vijana waliingia mitaani, jeshi la ukombozi likawafyatulia risasi watoto wa waliokombolewa. Mamia walikufa. Kwa mshtuko huo katiba ya Februari 1989 ilifungua vyama vingi, magazeti yakachanua, na kwa miaka mitatu Algeria ilikuwa na uhuru wa kusema ambao nchi nyingi jirani ziliuonea wivu. Chama cha Wokovu wa Kiislamu, FIS, kikazoa hasira yote ya mitaani. Katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa bunge, tarehe 26 Desemba 1991, FIS kilipata viti 188 kati ya 430. FLN, chama cha ukombozi, kiliambulia 15.

Ningekuwa Algiers wiki zile sijui ningelala vipi. Baadhi ya viongozi wa FIS walisema wazi kwamba demokrasia ni ukafiri. Hata hivyo nakubaliana na Aït Ahmed, aliyewaongoza mamia ya maelfu ya watu barabarani tarehe 2 Januari 1992 akisema hataki dola ya polisi wala dola ya wenye msimamo mkali, akataka duru ya pili ifanyike. Majenerali hawakumsikiliza. Tarehe 11 Januari Chadli alijiuzulu mbele ya kamera na uchaguzi ukafutwa.

Kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwasitiri, walimwendea Boudiaf. Alikuwa Morocco, mzee wa miaka 72, na sifa yake kubwa mbele ya umma ilikuwa kwamba hakuwahi kula na majenerali. Akarudi. Na badala ya kuwa picha ya ukutani, akaanza kusema juu ya ufisadi na mafia. Tarehe 29 Juni 1992 alikuwa Annaba, katika Nyumba ya Utamaduni, akihutubia ukumbi uliojaa, televisheni ikirekodi. Alikuwa akieleza kwamba mataifa mengine yametutangulia kwa elimu, akataja Uislamu, kisha ukasikika mlipuko mdogo nyuma. Akageuza kichwa kidogo. Pazia likafunguka, akatoka askari wa kikosi cha kumlinda, akampiga risasi mgongoni. Wakasema askari yule alitenda peke yake. Waalgeria wachache sana niliowahi kuwasoma wanaamini hivyo, na mimi pia siamini.

Muongo uliofuata uliua watu kati ya 150,000 na 200,000. Vikundi vyenye silaha vilichinja waandishi, walimu, wasichana wa shule, vijiji vizima. Raïs na Bentalha mwaka 1997 ni majina ambayo hayatamkiki kwa urahisi. Vyombo vya usalama navyo viliwachukua maelfu ya watu majumbani ambao hawajaonekana tena. Akina mama wao walisimama Algiers wiki baada ya wiki wakiwa na picha kifuani. Walichopewa ni Mkataba wa Amani na Maridhiano wa 2005 na sheria ya 2006 iliyoufuata, ambayo ibara yake ya 46 inamtisha kwa kifungo cha miaka mitatu hadi mitano yeyote atakayeyatumia majeraha ya muongo ule kuichafua dola au watumishi wake. Muuaji aliyeweka silaha chini alirudi kijijini. Mama anayeuliza mwanangu yuko wapi ndiye anayeweza kushtakiwa.

Aliyeleta mkataba huo ni Abdelaziz Bouteflika, kijana wa zamani wa Boumédiène, aliyeingia madarakani 1999 baada ya wagombea wenzake wote sita kujitoa mkesha wa kura. Mwaka 2008 aliondoa ukomo wa vipindi viwili. Mwaka 2013 akapata kiharusi, na tangu hapo watu hawakusikia tena hotuba yake. Kwenye hafla ilibebwa picha yake ndani ya fremu, maofisa wakaipigia saluti. Februari 2019 picha hiyo ikatangaza kugombea kipindi cha tano.

Fedheha ina kikomo. Tarehe 16 Februari watu waliandamana Kherrata, mji uleule wa 1945. Ijumaa tarehe 22 nchi nzima ikasimama. Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa amani, mamilioni. Tarehe 2 Aprili Bouteflika akajiuzulu, mkuu wa majeshi Ahmed Gaïd Salah akidhani kazi imekwisha. Watu hawakuondoka. Walipita mbele ya Posta Kuu ya Algiers wakiimba: tunataka dola ya kiraia, si ya kijeshi. Na juu ya vichwa vyao, kwenye mabango waliyoyachapisha kwa fedha zao wenyewe, palikuwa na sura ya Abane Ramdane na Ben M'hidi.

Vijana wale walizaliwa miaka arobaini baada ya Abane kunyongwa. Walimjua.

Mwishoni mwa Juni 2019 polisi walimchukua nyumbani kwake Lakhdar Bouregaa, mwenye miaka 86, mmoja wa makamanda wa ile Wilaya ya Nne iliyojaribu kulizuia jeshi la mipakani mwaka 1962, mfungwa wa miaka mingi wa Boumédiène. Kosa: kudhoofisha ari ya jeshi. Televisheni ya taifa ikatangaza kwamba mzee huyu si mpiganaji wa kweli, amejitwalia jina la mtu mwingine. Wapiganaji wenzake waliobaki hai wakasimama kumthibitisha. Aliachiwa Januari 2020, baada ya uchaguzi wa Desemba uliompa urais Abdelmadjid Tebboune huku takwimu za serikali yenyewe zikisema waliopiga kura hawakufika asilimia 40. Machi ikaja korona na maandamano yakasitishwa. Kukamata watu hakukusitishwa.

Tarehe 1 Novemba 2020, siku iliyochaguliwa kwa heshima ya ile ya 1954, Waalgeria waliitwa kuipigia kura katiba mpya. Ibara yake ya 30 inasema jeshi linatetea maslahi muhimu na ya kimkakati ya nchi. Nani atakayeyataja maslahi hayo ni yapi, ibara haisemi. Waliojitokeza hawakufika asilimia 24, hesabu ya serikali. Bouregaa alifariki siku tatu baadaye.

Septemba 2024 Tebboune alirudi kwenye sanduku la kura. Tume ilimtangaza mshindi kwa asilimia 94.65, na usiku uleule wagombea wote watatu, yeye mwenyewe akiwemo, wakatoa tamko la pamoja kwamba takwimu zinapingana. Mahakama ya Katiba ikazishusha hadi 84.30. Rais aliye madarakani analalamika kwamba hesabu za ushindi wake hazieleweki, na hakuna ofisi nchini ambayo raia angeweza kuingia na kuuliza zilipikwa na nani.